Lugha ya Frasila katika Kitabu cha Tippu Tip

Kitabu cha "Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip" wengi wetu twakijua kwa jina tu. Mwenyewe alikiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akakitia katika herufi za Kirumi na kukichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, kisha W. H. Whiteley akakitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Khabari za safari zake zimekwisha semwa sana. Mimi nataka kuyatazama maneno yake.

Tippu Tip husema na msomaji kama asemavyo na tajiri mwenziwe barazani Tabora. Haridhiki kusema pembe nyingi. Hutaja frasila, wala hakwambii kuwa frasila moja ni ratili 35, yapata kilo 16. Kwa watu wa njia ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe haikuwapo haja ya kuambiwa. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwika frasila mbili aliijua maana yake kwa mabega. Huo ndio utamu wa kitabu, na atakayeziondoa frasila akatia kilo atakuwa amekiua.

Lakini msomaji wa leo yataka asaidiwe. Bibi anunuapo doti ya kanga, khabari gani anayo kuwa doti ya merikani, shuka mbili, mikono minane, ndiyo iliyokuwa fedha ya njia nzima ile? Posho ilikuwa chakula cha mpagazi; leo watu huipokea mikutanoni wamekaa vitini! Neno lililoharibika kabisa ni hongo. Zamani ilikuwa ushuru uliojulikana, msafara ukimpa mtemi wa Ugogo ili upite na kuteka maji katika nchi yake. Walipatana kwa siku nyingi, wakagombana, lakini hakuna aliyejificha. Leo hongo ni rushwa. Kijana asomaye khabari za misafara kwa maana ya leo atamhukumu mtemi yule kuwa mla rushwa, naye hayupo ajitetee.

Na liko zito kuliko hilo. Katika kisa cha vita na Nsama wa Itabwa, mwaka 1867, mwandishi ahesabu pembe na shaba kwa frasila, na kwa sauti ile ile ataja waliouawa na waliotekwa. Sauti haipandi wala haishuki. Asomaye kwa haraka hupita juu ya wana wa Adamu, ambao Mola wao amewatukuza, kama apitavyo juu ya mizigo. Sisemi kuwa alikusudia kuficha. Ameandika kama mtu aandikavyo daftari la duka. Khasa kwa sababu hiyo nasema daftari halitoshi kusimulia vita.

Sisi wenye vilemba nasi tuna frasila zetu. Khatibu husimama mbele ya wavuvi akakariri gharar, gharar, mpaka watu wakasinzia, na hali angeweza kuwauliza: je, yafaa kumuuza samaki angali baharini? Wangemjibu wote.

Atakayekichapisha tena kitabu hiki na aache kila neno mahali pake, aeleze maana yake chini ya ukurasa: kipimo kilikuwa kiasi gani, na aliyekibeba alikuwa nani.