Michezo na Utambuzi wa Kuona kwa Watoto Wenye Ulemavu wa Ukuaji: Uhakiki wa Dai kwa Kuzingatia Mazingira ya Lushoto

Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, pana shule mbili za Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT: moja ya watoto wasioona, na nyingine, Irente Rainbow School, ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Ujirani huo unasaidia kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara, yaani kuona na kutambua kinachoonwa. Mtoto mwenye macho mazima aweza kumtambua mbuzi aliyesimama peke yake uwanjani, akashindwa kumbaini mbuzi yuleyule akiwa amefichwa nusu na migomba.

Dai kwamba upungufu huo hurekebishwa kwa michezo lina mizizi katika kazi ya Marianne Frostig, ambaye jaribio lake la miaka ya 1960 liligawa utambuzi wa kuona katika stadi tano: uratibu wa jicho na mkono, kutofautisha umbo na mandhari yake, uthabiti wa umbo, mkao wa kitu, na uhusiano wa vitu katika nafasi. Mgawanyo huo ungali na manufaa kwa mwalimu. Udhaifu umo katika hatua inayofuata. Mtoto hufunzwa kwa mafumbo ya picha, kisha hupimwa kwa mafumbo yanayofanana nayo, na alama zikipanda hutangazwa kuwa utambuzi umejengeka. Mwaka 1983 Kavale na Mattson walijumlisha matokeo ya tafiti 180 za mafunzo ya utambuzi na mwendo. Wastani wa athari ulikuwa takribani 0.08 tu, kiasi kisichotofautiana sana na kutofundishwa kabisa.

Kosa la pili ni kuwaweka watoto wote katika kapu moja. Mwaka huohuo wa 1983, Shah na Frith walionyesha kwamba watoto wenye usonji waliyabaini maumbo yaliyofichwa pichani vizuri kuliko wenzao wenye umri sawa wa kiakili. Kumpa mtoto wa namna hiyo mchezo wa kutafuta umbo lililofichwa, kisha kumsifu kwa kulipata, ni kumfundisha samaki kuogelea.

Mdako, ambao mara nyingi hupendekezwa kwa kuwa ni wa asili na hauna gharama, unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mchezaji hurusha jiwe juu, huzoa kokoto kutoka kishimoni, hudaka jiwe, kisha katika mrusho unaofuata huzirudisha kokoto zote isipokuwa moja. Jicho hutakiwa kufuata jiwe lililo hewani huku mkono ukichagua kilicho chini. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole vyake vimekakamaa atashindwa, na mtafiti ataandika kuwa utambuzi wake ni hafifu, ilhali kilichoshindwa ni mkono. Yafaa kwanza jiwe liwekwe kando. Mtoto aoneshe kwa kidole, au hata kwa kutazama tu, kokoto anayoitaka miongoni mwa nyingi. Hapo ndipo utambuzi unapoanza kupimika.

Hata hivyo, mtoto haishi kishimoni. Katika miteremko ya Usambara anahitaji kubaini ukingo wa tuta unapoishia, ngazi ya udongo iliyolowa, na punje mbovu katika ungo wa maharage. Utafiti unaodai mafanikio ungehesabu makosa yake katika kuchambua maharage ambayo hayakutumika kamwe mchezoni, kabla ya mafunzo na baada yake, kisha tena baada ya likizo, nyumbani, mama akiwa ameketi kando na ungo ukiwa wa kila siku. Kazi nyingi za aina hii huishia mlangoni pa darasa, siku ya mwisho ya mafunzo.