Sauti Kubwa katika Wimbo wa Mnyonge

Msomaji kijana, mwenye nguvu hapimwi kwa mzigo auinuao tu. Hupimwa pia kwa namna ashikavyo yai. Liweke neno hili moyoni tunapoipima kazi ya mwimbaji mmoja wa Marekani, Bibi Renée Fleming.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1959, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu wa muziki. Alisomea uimbaji kwa miaka mingi, hata akawa mmoja wa waimbaji wa soprano mashuhuri kabisa katika opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Katika jumba la Metropolitan Opera mjini New York, lenye viti takriban 3,800, mwimbaji hushindana na okestra nzima bila kipaza sauti, na aliyeketi nyuma kabisa humsikia. Kazi hiyo hutaka pumzi ndefu, koo lililofunguka na irabu zilizokuzwa. Lakini ina gharama yake: sauti ikipanda juu sana, aghalabu huyameza maneno.

Mwaka 2010 Bibi Fleming alitoa albamu iitwayo Dark Hope, akaimba humo nyimbo za vijana. Mmojawapo ni Mad World, uliotungwa na Mwingereza Roland Orzabal na kutolewa na kundi la Tears for Fears mwaka 1982. Wakati huo vijana wengi wa Uingereza walikuwa wakitumia vinanda vya umeme na mashine za kupigia ngoma. Mashine haichoki wala haihuzuniki. Kwa hiyo sauti ya Curt Smith, aliyeuimba kwanza, nyepesi na isiyo na mapambo, ilisikika kama ya mtu aliyepotea ndani ya kiwanda. Wimbo wenyewe wasimulia watu waendao mbio kila siku bila kufika popote, na mtoto mwenye hofu shuleni ambaye hapana amjuaye.

Je, huzuni ya mtoto huyo yafaa kuimbwa kwa sauti ya kujaza jumba zima? Haifai. Mnyonge halii kwa kelele za shujaa. Bibi Fleming aliyafahamu hayo. Aliishusha sauti yake chini mno, karibu na sauti ya mazungumzo, akakiachia kipaza sauti kazi aliyozoea kuifanya kwa kifua chake. Maneno yakasikika.

Wako waliolalamika kwamba amejivua fahari yake hata hatambulikani. Mimi siafikiani nao. Wahenga walisema: Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Bibi Fleming alilifumba, hakulivunja. Siku ya kurudi katika opera lilikuwapo, likafumbuka.

Hata hivyo, mhakiki hakuja kusifu tu. Uangalifu wa mwimbaji huyu waonekana mno. Kila neno limepangwa kama vyombo kabatini, na mara nyingine twatamani kimoja kianguke, tujue kwamba kweli mtu anaumia. Katika jambo hili kijana wa 1982 amemshinda, kwa kuwa hakuwa na ustadi wa kujifichia.

Lakini liko alilomzidi. Alikuwa na umri wa miaka 51, mama wa mabinti wawili, nao walimwitikia katika albamu hiyo. Kwanza tulimsikia kijana akilia; sasa twamsikia mzazi aliyekisikia kilio hicho. Maneno ni yale yale, na maana imeongezeka.

Nawe uimbaye katika kwaya ya shule, au upendaye kujaza insha yako maneno mazito, jiulize kwanza kazi iliyo mbele yako yataka nini. Usiidharau elimu yako, wala usiione haya. Lakini kumbuka kwamba tajiri hatoki nyumbani amevaa nguo zake zote.