2, 3, 5, halafu ngapi? Swali tunalolitunga vibaya

Jibu kwanza kabla hujaendelea kusoma. Namba gani inafuata: 2, 3, 5, …? A. 7, B. 8, C. 9.

Umeshachagua? Basi umepata, maana yote matatu ni sahihi. Ni 7 kama unaorodhesha namba tasa. Ni 8 kama kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 2 na 3 ni 5, 3 na 5 ni 8. Ni 9 kama unaongeza 1, kisha 2, kisha 4. Na hata tukikuongezea namba ya nne, tuseme 2, 3, 5, 8, bado hatujapona. Aliyekuwa akijumlisha mbili za nyuma atasema 13, na aliyeona nyongeza ya 1, 2, 3 ataongeza 4 na kupata 12.

Hapo ndipo ugomvi wangu na swali la "andika namba inayofuata", tulilolizoea tangu shule ya msingi. Halipimi hesabu peke yake, linapima pia kubahatisha mtunzi alikuwa anawaza nini. Mtoto aliyeona kanuni nyingine, tena kanuni nzuri tu, anawekewa kosa. Hakuna anayemuuliza amefikaje pale. Wangapi wameondoka wakiamini hesabu si fani yao kwa sababu ya alama ya namna hiyo?

Dawa haina gharama. Toa kanuni, halafu uliza namba ya 20 ni ipi. Au toa namba, uliza jibu pamoja na sababu yake, na kila sababu inayosimama ipewe alama. Au, bora zaidi, leta kitu chenyewe kinachozaa hizo namba.

Kwa mwanafunzi wa Misigiri, pale Iramba, kitu hicho kiko shambani: alizeti. Kata kichwa kilichokomaa, utaona mbegu zimejipanga kwa mistari iliyojipinda kutoka katikati, mingine ikielekea kulia, mingine kushoto. Weka alama kwenye mstari mmoja, zunguka ukihesabu hadi uirudie alama yako. Mara nyingi utapata jozi kama 34 na 55, au 55 na 89. Ni ule mfuatano wa jibu B, unaoitwa wa Fibonacci, yule Leonardo wa Pisa aliyeuandika mwaka 1202 akihesabu sungura.

Alizeti haijui kujumlisha, ila inaota kwa utaratibu. Kila chipukizi jipya la mbegu hutokea kwenye pembe ya karibu nyuzi 137.5 kutoka lililotangulia, na kwa pembe hiyo mbegu hazirundikani upande mmoja. Kwa hiyo hapa 8 inaishinda 7 na 9 kwa sababu unayoweza kuieleza, siyo kwa matakwa ya mtunzi.

Lakini na sisi tunaopenda kusimulia sayansi tuna kosa letu. Tunasema "kila alizeti" bila kuhesabu. Huko Manchester, Uingereza, wananchi wa kawaida walialikwa kupanda na kuhesabu alizeti kwa heshima ya Alan Turing, aliyelisumbukia fumbo hili hadi kifo chake mwaka 1954. Matokeo ya vichwa 657 yalichapishwa mwaka 2016. Vingi vilifuata Fibonacci, ila siyo vyote. Vingine vilifuata mfuatano wa Lucas, unaojumlisha vilevile lakini unaanza na 2 na 1: 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47. Vingine havikufuata wowote kati ya hiyo.

Kwa hiyo, mwalimu au mwanafunzi unayesoma hapa, msimu wa alizeti ukifika hesabu vichwa kumi na uandike vyote, hata vile vinavyokataa. Ukipata 47, rudia kuhesabu mara moja. Ikibaki 47, usiifute.