Waliopima Mwangwi

Kulichora wimbi la redio ni ufundi usioonekana kwa macho: kueleza kwa hesabu limegonga kuta zipi tangu litoke mnarani, na limefika kwenye simu likiwa na nguvu kiasi gani. Mabingwa wake wa zamani hawakuanzia mezani. Yoshihisa Okumura na wenzake walipima barabarani, Tokyo na viunga vyake, na mwaka 1968 wakachapisha michoro ya walichokikuta. Mwaka 1980 Masaharu Hata akaikunja michoro hiyo ikawa fomula chache, na mipaka yake akaitaja wazi: mawimbi ya megahezi 150 hadi 1500, umbali wa kilomita 1 hadi 20. Fundi anayekwambia kipimo chake kinaishia wapi ndiye wa kuaminiwa. Fomula ilisafiri dunia nzima. Mipaka, mara nyingi, iliachwa njiani.

Antena zilipoongezeka, kazi ilidai subira zaidi. Antena 8 zikisema na antena nyingine 8, njia za kupima ni 64, na sehemu kubwa ya faida imo katika kutofanana kwake: njia zikifanana, antena za ziada hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Wimbi la gigahezi 2 lina urefu wa sentimita 15 tu. Miangwi yake ikigongana, ukisogeza antena kiasi cha upana wa kiganja, nguvu yaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia. Kwa hiyo mpimaji husogeza kidogo, hupima, husogeza tena. Wavivu wa subira hiyo walipenda njia ya mkato: tabia ya upande unaotuma ihesabiwe peke yake, ya upande unaopokea peke yake, kisha zizidishwe. Lakini wimbi lililorushwa kuelekea ukuta wa kushoto halifiki kutoka popote. Hufika kutoka pale ukuta ulipolielekeza. Watafiti wa Vienna walipolinganisha hesabu hiyo na vipimo vya ndani ya ofisi, waliona inapunja uwezo halisi wa njia, na mwaka 2006 Weichselberger na wenzake wakachapisha modeli inayozifunga pande mbili pamoja. Kosa lilifichuliwa na kipimo, wala si na hesabu nyingine.

Watasema kupima ni ghali, na kwamba modeli moja ya wote huwezesha mitambo kushindanishwa kwa haki. Ni kweli, na kwa mashindano inafaa. Ila mizani ya kulinganishia si ramani ya mji. Watasema pia kompyuta siku hizi hufuatilia kila mwale hadi ukutani. Hufuatilia, lakini lazima iambiwe ukuta ni wa nini na unameza kiasi gani cha wimbi, na hilo nalo hutoka kwa aliyepima. Modeli imekuwa kitu cha kupakua, kubonyeza na kutolea grafu nzuri, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kichochoro chenye kuta za matumbawe hakina deni la kufanana na Tokyo. Basi ukiletewa modeli, kabla hujasifu grafu zake, uliza kwanza: ilipimwa wapi, na inaishia wapi?