Kilicho Karibu Nawe

Kuna sentensi moja niliyoisikia tangu ujanani, na bila shaka nawe msomaji umeisikia. Hufungia vipindi vya afya redioni, huandikwa chini ya mabango ya zahanati, na siku hizi hutumwa hata kwenye simu za mkononi: "Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe." Ni sentensi fupi, yenye adabu, na nia yake ni njema. Kwa miaka mingi sikuona kasoro ndani yake. Niliiona pale mama yangu alipopatwa na kiharusi. Katika kurasa hizi nataka kuihakiki kama watu wanavyohakiki shairi, neno kwa neno, maana maneno yake yamenigharimu.

Tuanze na "fika". Hili ni agizo kwa mgonjwa, nalo lina haki yake. Asubuhi ile mama aliangusha kata ya maji, mdomo ukapinda, upande wote wa kulia ukalegea. Sisi tunakaa kijiji kimoja cha Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Tulimpandisha bodaboda, mimi nikakaa nyuma nimemkumbatia asianguke, tukafika. Shinikizo la damu likashushwa, uhai ukaokolewa. Kwa jambo la dharura sina neno la kuongeza juu ya neno hilo. Ukiona mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, usimpigie mtu simu kuomba ushauri. Fika, tena upesi.

Lakini siku chache baadaye tuliruhusiwa kurudi nyumbani, na tukaagwa kwa maneno matatu: "Mkamfanyishe mazoezi, mzee." Mazoezi gani? Na nani? Mara ngapi? Hapo sentensi yetu ilikuwa imeishiwa. Ilikuwa imetufikisha, basi. Anayehitaji dawa ya malaria hufika mara moja au mbili. Anayehitaji kurudishiwa mguu na mkono atafika mara ishirini, na katika kila safari atalipa nauli yake na ya mtu wa kumshika.

Neno la pili ni "kituo". Linatufanya tuamini kwamba tunachokitafuta ni jengo. Kwetu kusini majengo hayakukosekana kabisa. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walianza Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao ingali inahudumia watu wa Masasi na Newala pia. Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980, alianzia kazi Lulindi, karibu na Masasi, mwaka 1935. Kwa hiyo mtu wa huku akiambiwa "fika kituoni" haambiwi uongo. Shida ni kwamba sentensi hii ni ya zama ambazo hapakuwa na kuchagua. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kibiashara, na mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Kuanzia 1993 mgonjwa wa hospitali za serikali naye akaanza kuchangia gharama. Tukapewa uchaguzi, tukapewa na bili, lakini hatukupewa maneno ya kuchagulia. Tuliendelea kufika tu.

Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilimtafuta mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mtu wa mazoezi, nikampata katika mji mmoja ambao sitautaja. Nilimchagua kwa cheti kilichotundikwa ukutani, koti jeupe na mashine yenye nyaya. Alikuwa kijana mpole. Alimlaza mama kitandani, akamfunga nyaya, kisha akatupa karatasi yenye picha. Ndani yake mwanamke aliyevaa suruali anapanda ngazi, anaminya mpira, anainuka kutoka kwenye kiti chenye mikono, na mtu mwingine anamwinua mkono juu ya kichwa.

Nyumbani kwetu hakuna ngazi. Kiti ni kimoja, nacho ni cha wageni. Mama hukaa mkekani na huenda choo cha shimo kilicho nyuma ya migomba. Kijana hakuuliza lolote kati ya hayo. Lakini nisimlaumu peke yake, maana nami sikusema. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini, nikiwahimiza watoto wa watu waulize maswali. Siku ya kumwuliza mtu mwenye koti jeupe swali moja tu, ulimi ulinata.

Basi nikaifuata karatasi. Kila jioni niliushika mkono wa mama kwenye kifundo, nikauvuta juu kama pichani. Aliguna, nami nikamwambia avumilie, dawa ni chungu. Hakuna aliyenieleza kwamba bega la mtu aliyepooza halishikwi na misuli kama zamani, na kwamba mkono ule hutegemezwa chini kwa mto, hauvutwi. Bega likavimba. Kwa wiki kadhaa hakuweza kulalia upande ule. Usiku mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, polepole. Mkono huu bado ni wangu." Sijaisahau kauli hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mjomba, kwa mila zetu mwenye kauli kubwa juu ya dada yake, alichoshwa na karatasi yangu, akamleta mzee mmoja mchuaji. Mzee yule alisema ugonjwa umetumwa na mtu. Siamini hivyo. Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo, na mafuta ya kuchua mkononi hayafiki huko. Lakini nitakuwa mhakiki mbovu nikinyamazia nilichokiona. Mzee yule aliketi mkekani pamoja na mama. Alimwuliza ni kazi gani ameikumbuka zaidi, nani anamchotea maji sasa, usingizi unakuja saa ngapi. Mama akazungumza jioni ile kuliko alivyozungumza wiki nzima. Maelezo ya mzee yalikuwa ya upotofu, maswali yake yalikuwa ya kweli. Kijana wa mashine alikuwa na elimu ya kweli, lakini hakuwa na swali hata moja.

Tuje sasa kwenye "karibu". Ukisimama pale Shimo la Mungu, mjini Newala, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo yake. Kwa macho ni karibu, kwa miguu ni kazi ya kutwa. Watu wa uwandani tunalijua jambo hili kwa sababu ya maji. Bibi zetu waliyaona mabonde yenye maji kutoka ukingoni, wakateremka, kisha wakapanda na mitungi kichwani. Kwetu ukaribu haukupimwa kwa jicho, ulipimwa kwa mzigo. Masasi nako ni kilomita 70 hivi. Kwa mzima ni safari ya kawaida. Kwa mwenye upande mmoja, aliyebanwa katikati ya basi, ni mbali mno.

Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyetupatia mtu wa pili: dada aliyesomea fiziotherapia Moshi, kwenye chuo kilichoko KCMC. Alikubali kumwona mama kwa simu ya picha. Nilibeza. Mtu aliye zaidi ya kilomita 500 atamnyoosha vipi mgonjwa wa Newala? Siku ya kwanza nusu ya muda ilipotea. Picha iliganda, bando likaisha, kijana wa jirani akakimbia kununua jingine. Mwishowe sauti ikatulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uko ndani ya kioo?"

Walicheka wote wawili. Kisha dada akaniambia, "Baba, naomba unizungushie simu nyumbani. Nione anapolala, anapokaa na choo chake." Niliona haya. Nilimwonyesha mkeka, kizingiti kirefu cha mlango, njia ya chooni yenye mizizi ya mwembe, na kinu kilicholala kando ya jiko. Alitazama kimya. Kisha akaanza, na kila alichokitaka kilikuwamo humo humo ndani. Mkono uegemezwe kwenye mto wa matambara, asiuvute mtu yeyote. Kinu kipinduliwe, kiwekwe kando ya ukuta pasipoyumba, kiwe kiti. Mama ajifunze kuinuka kutoka pale na kukaa tena, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, mtu akiwa kando yake. Mti uchomekwe chooni wa kushika. Na mkono wa kulia upewe kazi: kuchambua mbaazi kwenye ungo, punje moja moja.

Yule aliyekuwa mbali aliiona nyumba yetu. Yule tuliyemfuata kwa basi hakupata kuiona, wala hakuiulizia. Hili ndilo nililojifunza, na ndilo ninaloidai sentensi yetu: aliye karibu nawe ni yule anayejua unaishije.

Lakini nisije nikaanza kuimba sifa za simu. Dada yule mwenyewe alitwambia mpaka wa kazi yake. Kuna jambo, alisema, macho hayawezi: kujua kama misuli imekaza au imelegea, na bega limetoka mahali pake kiasi gani. Hapo lazima mkono wa mtu umshike. Alituandikia barua, tukaipeleka kwa mtaalamu wa hospitali moja ya huku kwetu, naye akaipokea bila kinyongo. Kwa miezi iliyofuata mmoja alimshika mama mara moja kwa mwezi, mwingine akamwona kwa simu kila wiki. Asiye na mtaalamu wa kumshika mgonjwa asidanganyike kwamba kioo kimetosha. Na wako wengi wasio na simu ya namna hiyo, wala fedha ya bando kila wiki. Tena simu ile ile huleta wauza unga wa majani wanaoapa kuponya kiharusi kwa siku saba, nao hawamwombi mtu awazungushie nyumba.

Limebaki "nawe". Ni neno dogo, na lina upweke. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa shule, kampeni ya Mtu ni Afya ilipoendeshwa nchi nzima. Kijijini kwetu redio iliwekwa juu ya kigoda chini ya mwembe. Wakubwa walikaa kwa duara, mmoja akasoma kijitabu, sauti kutoka Dar es Salaam ikaeleza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Sauti ilipokwisha, mazungumzo ndipo yalipoanza: nani hana choo, nani atamsaidia mjane kuchimba. Watu wapatao milioni mbili walishiriki katika vikundi vya namna ile, na vyoo vingi vikachimbwa. Kampeni ile nayo ilikuwa na ubabe wake. Ilitoa jibu moja kwa watu wa kila mahali, mwenye kisima na asiye nacho. Hata hivyo ilijua jambo ambalo vipindi vya baadaye vililisahau. Sauti ya mbali hufaa pale tu penye watu wa karibu wa kuichukua na kuigeuza kazi. Tulibakiza redio, tukauacha mwembe. Mgonjwa akabaki peke yake na "nawe".

Miadi ya simu ni hivyo hivyo. Bila dada yangu wa kukigeuza kinu, bila kijana wa jirani na bando lake, bila mjomba aliyekubali hatimaye kuchomeka ule mti chooni, yule dada wa Dar es Salaam angekuwa redio yenye picha.

Kwa hiyo, msomaji, iwapo nyumbani kwako kuna mtu wa kufanyishwa mazoezi, usitosheke na jengo wala na umbali. Mwulize mtaalamu amesomea wapi. Mwenye elimu hachukii swali hilo. Kisha sikiliza kama naye anakuuliza: mgonjwa hukaa wapi, hulala wapi, alikuwa akifanya kazi gani, nani atakuwa naye. Mwambie akuonyeshe kwa mikono, nawe umwonyeshe yeye kabla hujaondoka. Mwulize ni ishara gani ikitokea uache. Kama una bima, ulizia italipa mara ngapi. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini swali la mara ngapi bado ni lako kuliuliza. Na mgonjwa akisema anaumia, amini.

Mama sasa hutembea na fimbo hadi barazani. Mkono wa kulia hushika kikombe, haushiki mchi. Wataalamu wote wawili walisema miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa, na miezi mitatu ya mwanzo niliitumia kumvuta bega. Sijui mkono ule ungekuwaje leo. Asubuhi huketi juu ya kinu chake, ungo miguuni, redio ikisema pembeni. Kipindi kikifika mwisho na sentensi ile ikitamkwa, yeye huendelea kuchambua mbaazi. Mimi ndiye ninayeinua kichwa.