Jibu Lina Mji Wake

Mtu akikutegea "Nyumba yangu haina mlango", nawe ukajibu "yai", umefanya kazi ya mhakiki bila ya kujijua: umepima neno moja moja, ukalitupa la kutupwa na ukalishika la kushikwa. Kazi hiyo yafaa kutazamwa kwa karibu, kwani sisi wapenzi wa ushairi tumezowea kuusifu utamu wa fumbo bila ya kuuliza hufumbuliwaje.

Tuanze na michezo ya herufi, iliyoenea siku hizi katika simu. Wordle, aliyoiweka hadharani Josh Wardle mwaka 2021 na gazeti la The New York Times likainunua mwaka 2022, humpa mchezaji nafasi sita za kubuni neno la herufi tano. Wachezao kwa Kiingereza hutafuta kwanza zile herufi zitumikazo sana. Mwenye kuiiga mbinu hiyo katika Kiswahili bila ya kuigeuza atajichosha bure. Neno letu hujengwa kwa silabi, la asili huishia kwa irabu, na c haiji ila imefuatwa na h. "Nyama" na "mtego" yote yana herufi tano, lakini la kwanza lina mizani mbili na la pili tatu. Aliyezowea kuhesabu mizani huingia mchezoni akiwa tayari ametangulia: irabu ya mwisho humpa nusu ya kina, na kiambishi cha mwanzo humwelekeza kwenye ngeli. Hapo ngeli ni rafiki wa mfumbuaji.

Katika kitendawili rafiki huyo huvaa kinyago. "Haina" yafuata nyumba, wala haifuati yai. Mwenye kusaka jibu kwa upatanisho wa kisarufi atazunguka nyumba hiyo hadi kuche asiuone mlango. "Popoo mbili zavuka mto", na jibu ni macho: "zavuka" imevaa ngeli ya popoo, lakini "mbili" ni kweli tupu, na kuvuka nako ni kweli, maana jicho hufika ng'ambo bila ya chombo. Basi kanuni naiona hivi: jina na ngeli yake ni vazi, idadi, kitendo, mahali, wakati na kile kinachokanushwa ndio mwili. Vua vazi, ushike mwili.

Kanuni hiyo ni nzuri, lakini haijakamilika, na pa kuipimia ni mbali na bahari. Tuipandishe Njombe, katika nyanda za juu za kusini, kwenye baridi na mashamba ya chai. Natega changu mwenyewe: "Ng'ombe wangu hana miguu, akamuliwa kwa kisu asubuhi na jioni." Msomaji wa Unguja, Pemba au Mombasa hatakawia: ni mnazi, na mkamuaji ni mgema. Amevua vazi sawasawa. Lakini mnazi haustawi kwenye baridi ya Njombe. Mtu wa huko atajibu mwanzi, ambao chipukizi lake hukatwa ncha likatoa ulanzi, nao hukingwa kwa kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta. Naye amevua vazi sawasawa. Basi aliyekosa ni nani? Ni mtegaji, aliyeacha milango miwili wazi. Angeongeza "tena masika tu", mlango mmoja ungefungwa, kwani ulanzi hugemwa wakati wa mvua, na mnazi hugemwa mwaka mzima.

Jambo hili si la mchezo tu. Kitendawili hicho kikichapwa kitabuni na jibu moja, "mnazi", mtoto wa Njombe atapewa sifuri kwa kosa la kuijua nchi yake. Sisi wa pwani na visiwani tumejizoesha kujiona wenye lugha, na upesi huwaita wengine wagumu wa kufumbua pale wanapoona kitu ambacho sisi hatujapata kukiona. Ugumu huo ni wetu. Kiswahili kimeota mizizi kwenye udongo mwingi, na kila udongo una majibu yake.

Tazama Makambako. Njia itokayo Songea kwa kupitia Njombe huishukia barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya mahali hapo, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Mjuzi wa mnazi na mjuzi wa mwanzi waweza kukaa benchi moja wakingojea safari, kila mmoja ana jibu lake kinywani. Mwenye kutega mbele yao hana budi kuwa mwadilifu: alama zake zitoshe kumwongoza mgeni, zisimpendelee mwenyeji.

Desturi yetu, aliyeshindwa huambiwa "nipe mji", naye huutoa mji ndipo apewe jibu. Wengi tumeuhesabu mji huo kuwa ni faini. Mimi nausoma kuwa ni ufunguo uliotiwa mwishoni mwa mchezo ilhali ulistahiki kuwa mwanzoni, maana kabla ya kubuni chochote yapasa kuuliza mtegaji amesimama nchi gani. Nitegee, basi. Nitaivua ngeli, nitashika idadi na kitendo, na nikishindwa nitakupa Makambako. Uende salama, lakini utakaporudi na jibu, uniambie pia limeota wapi.