Tazama Kwanza Kamba ya Kuanikia

Jioni, magari ya watalii yakirudi Karatu kutoka kreta ya Ngorongoro, Landkruza zote hufanana rangi. Iliyokuwa kijani na iliyokuwa nyeupe zimevaa vumbi lile lile. Madereva wengi wakifika mahali pa kuoshea hutazama mashine ya presha na wingi wa povu. Mimi huenda moja kwa moja nyuma ya kibanda, zinakoanikwa nguo za kazi. Nikikuta mataulo yametupwa juu ya michongoma, au yamekauka yakasimama kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, naaga kwa heshima. Gari langu litalala na vumbi lake hadi kesho.

Maji ya presha hayakwaruzi rangi. Kinachokwaruza ni kile kinachoshika rangi baada ya maji, yaani taulo, pamoja na chochote kilichobaki ndani yake tangu gari la jana. Ile mikwaruzo myembamba inayojichora juu ya boneti kama utando wa buibui, unayoiona jua likiwa kali, kwa kawaida haitoki porini. Miti ya porini huchora mistari mirefu, ya kwenda upande mmoja. Utando wa buibui ni kazi ya mkono wa mtu na kitambaa kichafu.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko mjini kwa sababu vumbi letu si la aina moja. Udongo mwekundu wa Karatu, uliozaliwa na miamba ya volkano, ukiwa mkavu ni laini kama unga, ukilowa hunata na kujificha katikati ya manyoya ya taulo. Vumbi jeupe la pembeni mwa Ziwa Magadi, chini kwenye kreta, ni la magadi. Hilo huyeyuka kwenye maji, lakini likiachwa likauke juu ya kitambaa hukiacha kikavu na kigumu. La tatu ndilo ninaloliogopa: mchanga mweusi wa upande wa Olduvai, majivu ya Oldoinyo Lengai ambayo upepo huyasukuma tambarare hadi leo. Punje zake ni ngumu na zina chuma. Ukilishuku taulo, likung'ute juu ya karatasi nyeupe, kisha pitisha sumaku chini ya karatasi. Vidoa vyeusi vikitembea, taulo hilo lisikaribie rangi hadi lifuliwe upya.

Taulo la kugusa rangi liwe la maikrofaiba, na maikrofaiba nzuri huanzia kwenye uzi. Uzi wake ni mwembamba kiasi kwamba mita 9,000 hazifikishi uzito wa gramu 1. Kiwandani hutengenezwa kwa poliesta na naironi, mara nyingi kwa 80 kwa 20 au 70 kwa 30, kisha hupasuliwa kwa urefu, ukaacha vipande vyenye kingo kama vya chungwa lililomenywa. Kwenye nyufa hizo ndimo maji na vumbi huingia. Uzi usiopasuliwa huteleza tu, hata kama lebo yake inajisifu vipi. Basi dukani usiamini macho, tumia mkono. Pitisha kiganja taratibu: lililopasuliwa vizuri hunasa kwenye vijiufa vya ngozi, na mtu aliyezoea kazi za mkono hulihisi papo hapo. Kisha mwombe muuzaji tone la maji juu ya kaunta. Taulo zuri hulinywa tone kwa mguso mmoja. Baya hulisukuma mbele kama fagio.

Uzito nao haufichiki, kwa kuwa duka lenye mizani ya kupimia sukari halikosekani. Taulo la sentimita 40 kwa 40 lenye gramu 350 kwa mita ya mraba linapaswa kuwa na gramu 56. Hilo linatosha kufutia polishi na kazi nyingi za kawaida. La kukaushia mwili mzima wa gari liwe zito zaidi ya mara mbili ya hilo, lenye manyoya marefu. La vioo liwe jepesi, lenye manyoya mafupi. Kagua pindo pia. Niliwahi kununua dazeni nzima mjini Arusha, laini ajabu katikati, lakini pindo lilishonwa kwa uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Siku tatu baadaye mlango mweusi wa gari langu ulikuwa na alama za kila pindo lililopita. Tangu hapo nanunua yenye pindo la kitambaa laini au yasiyo na pindo kabisa, na lebo naiondoa kabla ya yote. Jipya hulifua kwanza, maana huja na mabaki ya rangi na nyuzi za kiwandani.

Ila taulo la bei kubwa hufa ndani ya beseni ndani ya wiki mbili, na hapo ndipo muoshaji anajulikana.

Anayejua kazi hufua mataulo siku ile ile, kabla tope halijakauka. Huyakung'uta, huyaloweka kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi joto ambalo mkono unalivumilia bila shida, huweka sabuni ya maji kidogo, huyafikicha, huyasuuza mpaka maji ya mwisho yafanane na yale yaliyotoka bombani. Sabuni ya mche huacha utando, hasa maji yakiwa magumu kutoa povu. Jiki hula naironi. Na dawa ya kulainisha nguo, ile yenye harufu nzuri ambayo vijana huipenda kwa kuwa taulo hutoka laini kama shavu la mtoto, ndiyo adui mkubwa kuliko wote: huzipaka nyuzi mafuta na kuziba zile nyufa tulizolipia.

Madhara yake utayaona asubuhi. Lango la hifadhi likifunguliwa saa 12, umepanda hadi ukingoni mwa kreta ambako ukungu hulowanisha kila kitu, kisha unateremka ndani kwa njia ya Seneto. Njia hiyo inaingilia magharibi, jua la asubuhi linakupiga usoni. Kioo kilichofutwa kwa taulo lenye dawa ya kulainisha huwaka chote kwa weupe, na mgeni aliyevuka bahari kumwona faru anaangalia ukungu wa sabuni. Hakuna dereva anayestahili aibu hiyo.

Taulo lililozibwa hivyo huweza kuokolewa. Lifue mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, kisha lisuuze kwa maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa ndoo. Siki huondoa pia magadi na utando wa sabuni. Siki na jiki visikutane kamwe kwenye beseni moja, mchanganyiko wake hutoa hewa ya sumu. Pia usifue maikrofaiba pamoja na pamba. Vinyuzi vya kanga kuukuu au taulo la mtumba vitanasa humo, na utaviona tena juu ya kioo.

Kukamua ni kubana. Kusokota kama kamba huvunja manyoya. Anika kivulini, kwenye kamba, mbali na barabara. Michongoma huacha miba na mbegu, na katika miezi ya upepo, Julai hadi Oktoba, taulo lililokaukia nje kutwa huanuliwa likiwa chafu kuliko lilivyoanikwa. Wajanja huanika ndani ya kibanda chenye madirisha. Pasi na jiko la mkaa visilikaribie. Hili si pamba, huyeyuka.

Ninapokuta kamba mbili zilizotenganishwa, mataulo ya vioo na rangi huku, ya rimu na ya chini ya gari kule, najua nimefika. Pale ninapopeleka gari siku hizi, taulo likizeeka hukatwa pembe moja, halirudi tena kwenye rangi; linahamia milangoni kwa ndani, kisha kwenye rimu, kisha kwenye springi. Yaliyo safi yamekunjwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na kifuniko hakifunguliwi kabla ya kunawa mikono.